Pingili za Muhogo Zipimwe Kabla ya Kuvuka Bahari

Desturi ya kubeba pingili za muhogo chomboni, kutoka Tanga kwenda Pemba na Unguja au kinyume chake, ni ya kindugu na hatuilaumu. Tunalolilaumu ni kuamini kwamba jicho latosha kuzipasisha. Michirizi ya kahawia huweza kuozesha kiazi ardhini huku majani yangali yakipendeza.

Maradhi haya yaliandikwa kwanza huku kwetu. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg aliieleza batobato ya muhogo kutoka Usambara, karibu na miaka ileile Wajerumani walipofungua shamba la majaribio huko Kwai, Lushoto. Mwaka 1936 Storey, wa kituo cha Amani, akaieleza michirizi. Wao walitazama majani na viazi tu. Leo virusi vyenyewe husomwa herufi kwa herufi, kwani maagizo yake yameandikwa kwa nyukliotidi za aina 4, na kila 3 zinazofuatana huita asidi amino moja ya kujengea protini. Virusi vya batobato vina pete 2 za DNA, kila moja yenye herufi 2,700 hivi. Vya michirizi vina uzi mmoja wa RNA wenye herufi karibu 9,000. Ni maandishi mafupi mno kwa adui mkubwa hivyo!

Kila yanaponakiliwa, makosa huingia. Tena virusi viwili vikikutana katika mmea mmoja huweza kubadilishana vipande. Mwaka 1997 ilidhihirika kwamba batobato kali iliyofyeka mihogo Uganda ilitokana na virusi vya Afrika Mashariki vilivyokwapua kipande cha jamaa yake mwingine. Inzi weupe walivieneza, na pingili zikasaidia. Visiwa navyo vina vyake: mwaka 2004 vilielezwa virusi vya batobato vilivyopewa jina la Zanzibar.

Mbegu 4 zilizotolewa Zanzibar mwaka 2007, yaani Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zawapa heshima waliozizalisha. Lakini zilichaguliwa kwa virusi vya wakati ule, navyo havikuacha kujiandika upya.

Kwa hiyo twawasihi wakuu wa kilimo wa pande zote mbili: sampuli za kila shehena ya pingili zifike maabara, kama ile ya Mikocheni, kabla chombo hakijang'oa nanga. Gharama iwe juu ya serikali. Mkulima aliyefunga pingili kumi kwa kamba asiambiwe alipie.