MAGARI MAKUUKUU YASIACHWE YAFE MARA MBILI

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukweli wa methali hii huonekana nyuma ya ofisi nyingi za Serikali hapa nchini, na Mkoa wetu wa Singida haukusalimika. Gari jipya likifika hupokewa kwa bashasha. Lile lililochoka husukumwa hadi pembeni mwa yadi, hupandishwa juu ya mawe, na tangu siku hiyo halina mwenyewe. Mvua za mwaka wa kwanza hulibabua rangi. Za mwaka wa pili hutoboa sakafu. Kabla ya mwaka wa tatu kwisha hupita mtu usiku akaondoka na taa, kabureta na betri. Miaka ikizidi kwenda huitwa mnunuzi wa chuma chakavu, nalo gari hukatwa vipande na kupimwa kwa kilo. Gari hilo limekufa mara mbili: mara ya kwanza barabarani likiwa kazini, na mara ya pili mikononi mwa waliokabidhiwa kulitunza.

Tunaandika leo tukiwa na wasomaji wa namna mbili mbele ya macho yetu. Wa kwanza ni ndugu yetu wa Unguja au Pemba mwenye hamu ya kununua gari la zamani alifufue kwa mikono yake na ya fundi wake. Wa pili ni mtumishi wa Serikali mwenye ufunguo wa yadi. Yule anatafuta mali asijue iliko. Huyu anayo mali asijue kama ni mali. Twaamini kwamba wakikutana kwa njia ya halali, kila mmoja atafaidika, na Taifa pia.

Hamu ya kufufua magari ya zamani si ugonjwa wa watu wavivu. Huko Marekani yako magari yaliyopewa sifa ya misuli, ya mtindo ulioshika kasi tangu Pontiac GTO ilipotokea mwaka 1964: bodi ya gari la kawaida iliyotiwa injini kubwa kuliko umbo lake. Watu wa huko huyatafuta katika mabanda ya mashamba, huyanunua yakiwa magofu, na hutumia miaka kuyarudishia uhai. Baadhi ya vijana wetu wameziona picha zake, nao wanatamani kuagiza moja.

Ushauri wetu kwao ni kwamba wasiache mbachao kwa msala upitao. Usukani wa gari lile uko kushoto, ilhali sisi twaendesha kwa kushika upande wa kushoto wa barabara. Spea zake hazipo Kariakoo wala Darajani. Kila kipande kitaagizwa kutoka ng'ambo. Tena gari kuukuu liingialo nchini hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Mwenye kulipa gharama hizo zote atajikuta fedha zimekwisha kabla fundi hajafungua nati ya kwanza.

Gari la misuli la nchi yetu ni jingine. Ni Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na ukoo wake wa asili uliendelea kutengenezwa Solihull, Uingereza, hadi Januari 2016. Hilo ndilo lililompeleka bwana shamba vijijini, likampeleka mganga kwa wagonjwa na karani kwenye sanduku la kura, katika njia ambazo magari mengine yalikwama. Wazee wa Iramba na Manyoni hawahitaji kuhadithiwa habari zake. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa mamia, mapya kwa makuukuu, na mji mzima ukatoka kutazama. Aliyedhani kwamba gari hilo limesahauliwa alipata jibu lake siku zile.

Gari lililokwisha kutumika si lazima liwe limekwisha. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianzishwa mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 yalishindwa na ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, wakiendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kukimbizwa katika mashindano na wengine kabla yao. Waliyashinda magari mapya ya viwanda vikubwa kwa sababu walilijua gari lao hadi nati ya mwisho. Mwaka uliofuata, na mwaka 1967 pia, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland wa Dar es Salaam na mwenzake Chris Rothwell, katika Peugeot 404, gari ambalo lilikuwa teksi na gari la familia katika miji yetu. Leo magari ya rika hilo yana mashindano yake yenyewe, yaliyoanza mwaka 2003, na watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuyaendesha katika vumbi letu.

Sasa msomaji wa Visiwani atauliza: kwa nini Singida? Jibu liko hewani. Upepo wa bahari huchukua chumvi, chumvi huvuta unyevu, na viwili hivyo vikikutana juu ya chuma kutu haichelewi. Mwenye gari Unguja hulijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Nyanda zetu za kati ni kavu. Mvua huja kwa msimu mmoja, kisha miezi mingi hupita bila tone. Chuma kilichoachwa juani Singida huweza kudumu muda mrefu kuliko chuma kilichoachwa ufukoni. Hata hivyo twamwonya mnunuzi asidhani kila gari la Singida ni zima. Maji ya maziwa yetu ya Singidani na Kindai yana chumvi, na gari lililozoea kuoshwa huko halina tofauti na lililooshwa baharini. Na ukavu hauna dawa kwa makorongo: njia zetu za zamani zilivunja springi na kupasua chasisi nyingi.

Kwa hiyo mnunuzi na aanze chini, asianze juu. Bodi ya Land Rover ya zamani imetengenezwa kwa aluminiamu, nayo haiozi kama chuma. Uso wake waweza kung'aa ilhali mifupa imekwisha. Alale chali chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hunyamaza au hutoboka. Atazame hasa boriti ya nyuma inayofungwa ndoana, na ukuta ulio chini ya kioo cha mbele, maana huko ndiko maji hukaa. Kisha ashike hendeli na kujaribu kuzungusha injini kwa mkono. Ikizunguka, hata kwa shida, kuna matumaini. Ikigoma kabisa, ahesabu gharama ya kufungua injini yote. Mwisho aandike kila kilichopungua: starta, jenereta, rejeta, taa, milango. Bei ya kununulia ni mwanzo tu wa matumizi. Wengi walionunua kwa bei ya chini walikuja kutambua kwamba rahisi ni ghali.

Baada ya chuma yafuata karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gari lisilo na kadi, au ambalo namba yake ya chasisi imefutika au hailingani na kadi, si la kununuliwa hata likitolewa kwa bei ya baiskeli. Mnunuzi wa Visiwani ana jambo moja zaidi la kuangalia. Bara na Zanzibar zina daftari mbili za usajili wa magari. Namba za huku huanza na T na za kule huanza na Z. Afike kwanza kwenye ofisi za mapato za pande zote mbili, aulize kinachotakiwa ili gari litoke katika daftari moja na kuingia katika jingine, na majibu ayapate kwa maandishi. Kutoka Singida mpaka Dar es Salaam ni kiasi cha kilometa 700, kisha kuna bahari. Ni heri kuuliza kabla ya kupakia kuliko kuulizwa bandarini.

Tunageuka sasa kwa watumishi wa Serikali. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekwisha kulitaja zaidi ya mara moja suala la magari mabovu yanayokaa miaka mingi bila kutengenezwa wala kuuzwa. Utaratibu wa kuyaondoa upo: mafundi wa Wakala wa Ufundi na Umeme hukagua, Wizara ya Fedha huidhinisha, na mnada hutangazwa. Kinachokosekana si sheria, ni uharaka. Faili hukaa mezani, gari hukaa juani, na kila mwezi upitao hupunguza thamani ya mali ya umma. Dereva akigonga gari la Serikali huandikiwa barua ya kujieleza. Je, aliyeliacha lioze kwa miaka kumi naye ameandikiwa barua gani?

Twatoa mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za kigeni. Kwanza, kila halmashauri ya mkoa huu iorodheshe magari yake yasiyotembea, ikionyesha aina, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chasisi na hali yake, na orodha hiyo ibandikwe hadharani. Pili, gari lenye kadi liuzwe kama gari, pamoja na kadi yake, lisiuzwe kama chuma chakavu kwa sababu tu karani amechoka kutafuta faili. Tatu, tangazo la mnada lifike mbali. Mnada unaosikika katika mtaa mmoja huwafaidia wale wale wa mtaa huo, na bei huwa ya kupangiana. Mtu wa Mkokotoni au Wete naye ni mwananchi, na shilingi yake ina uzito ule ule. Nne, magari machache yapelekwe kwa wanafunzi wa ufundi wa VETA hapa Singida. Kijana aliyefungua gia boksi ya Land Rover na kuirudisha ikafanya kazi amejifunza jambo ambalo ubao wa darasani haufundishi.

Wapo watakaotujibu kwamba wananchi wanahitaji maji na dawa, na kwamba huu si wakati wa kuhangaikia vyuma vya zamani. Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini inatuunga mkono sisi. Gari lililooza yadini halijampa mgonjwa hata kidonge kimoja. Likiuzwa mapema na kwa haki, fedha zake huingia katika mfuko wa umma. Wapo pia watakaosema kwamba magari haya ni hatari barabarani. Ni kweli kwamba Land Rover ya mwaka 1960 haina breki za gari la leo. Ndiyo sababu twasisitiza kwamba gari lililofufuliwa likaguliwe na askari wa usalama barabarani kabla ya kupewa ruhusa, na mwenyewe asione fedheha kulirudisha gereji likikataliwa.

Liko na suala la kumbukumbu. Katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam yamehifadhiwa magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, na watoto wa shule hupelekwa kuyatazama. Jambo hilo ni jema. Lakini historia ya nchi hii haikubebwa na magari ya Rais peke yake. Ilibebwa pia na gari la kliniki, gari la ushirika na lori la pamba. Na huko Visiwani ilibebwa na yale magari ya abiria yenye bodi za mbao ambayo wenyewe waliyaita chai maharage, kazi ya mikono ya maseremala wao. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikutungwa kwa kuwaza magari. Basi mpaka sheria itakapoyafikiria, mlinzi wa magari hayo atakuwa ni raia mwenye karakana, subira na mapenzi.

Kwake yeye tuna neno la mwisho. Asinunue mawili kabla ya kumaliza moja. Gari lililofunguliwa nusu, likaachwa uani Mwanakwerekwe na sehemu zake zimetawanyika ndani ya makopo, halina tofauti na lile lililoachwa yadini Manyoni. Limehamishwa kaburi tu. Aliyelitoa kwenye mkono wa mnunuzi wa vyuma amejitwika dhamana, na dhamana hiyo haiishi mpaka gari litakapotembea lenyewe barabarani.

Nanyi wenye funguo za yadi, kesho asubuhi kabla ya kufungua faili jingine, zungukeni nyuma ya ofisi mkahesabu. Magari mtakayoyakuta yalinunuliwa kwa fedha za wakulima. Yakiwa yana siku chache tu za kuokolewa, msizimalizie katika vikao.