Mlipe fundi kwa kupima, si kwa kufungua nati

KANDO YA BARABARA
Na Zuhura Mkwizu

Peleka gari gereji useme linachemsha. Kabla hujamaliza maelezo utasikia, "Hiyo pampu ya maji, mama." Sema pedali ya breki inazama, utaambiwa, "Hiyo masta silinda." Utaandikiwa kifaa kwenye kipande cha karatasi, utatumwa Gerezani, Kariakoo, na utarudi na kitu kilichong'olewa kwenye gari lililokufa Japani. Kikifungwa na ugonjwa ukabaki palepale, kitatajwa kingine. Siwalaumu mafundi peke yao. Sisi wenye magari ndio tuliowazoesha hivyo. Spea tunalipia, kufunga tunalipia, lakini fundi akitumia nusu saa kutafuta chanzo tu kisha akaomba ujira wake, tunamwona tapeli. Si hajafungua hata nati moja?

Jirani yangu ana Corolla ya mwaka 1998, ya otomatiki, na mwaka huu alikwenda nayo msibani Iringa. Wiki moja kabla ya safari alikuwa ameshabadilishiwa pampu ya maji, maana gari lilikuwa linachemsha. Akipanda Kitonga, likachemsha tena. Fundi aliyempata njiani akatoa themostati akaitupa kichakani, eti hicho ni kifaa cha nchi za baridi, kisha akaunga feni moja kwa moja na betri. Gari likafika Iringa kwa kusuasua.

Siku ya kurudi, akiteremka mlima uleule, jirani akaona aihurumie injini. Akaweka gia kwenye N, gari likawa linaserereka lenyewe, yeye akishika breki kila kona. Zikiwa zimebaki kona chache afike chini, pedali ikazama hadi kwenye kapeti. Alijinusuru kwa kurudisha gia kwenye D, kisha 2, kisha L, huku akivuta handibreki kidogo kidogo. Pale Ruaha Mbuyuni alikaa muda mrefu akitetemeka kabla ya kumwita fundi. Fundi akakanyaga pedali: iko juu, ngumu, nzima kabisa. "Mzee, breki zako hazina shida. Uliuogopa mlima tu."

Hakuogopa. Mafuta ya breki yalichemka. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, polepole, mwaka hadi mwaka, hata kama kichupa chake kimefunikwa vizuri. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji ya kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotumika kuyapima, kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Na kuna magari mjini ambayo mafuta yake hayajabadilishwa tangu yashuke bandarini, yanaongezwa tu. Mlima mrefu, gia kwenye N, uzito wote wa gari na abiria unaachiwa pedi na diski. Joto linapenya hadi kwenye mafuta, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke ukikandamizwa unabonyea. Mguu wako unakandamiza mvuke, magurudumu hayana habari. Subiri nusu saa, vyombo vipoe, mvuke urudi kuwa maji, pedali itasimama kama askari wa gwaride. Fundi anayekagua wakati huo bila kuuliza swali hata moja ataapa kwamba gari ni zima, na kwa alichokishika kwa mguu wake, hasemi uongo.

Angeuliza ulikuwa unafanya nini breki zilipokwenda, jibu lingejitokeza lenyewe. Angefungua kichupa angekuta mafuta meusi kama kahawa iliyolala.

Kuna kijana Tabata ambaye mimi humpelekea gari langu, na ninapenda kumwangalia akipima breki, kwa sababu hashiki spana. Anakaa kwenye kiti injini ikiwa imezimwa, anakanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Akiwa bado ameikanyaga, anawasha. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya unyayo wake, maana busta imepata nguvu ya kuvuta kutoka kwenye injini. Isiposhuka, busta au mpira wake ndio wa kuchunguzwa. Halafu anaacha mguu hapohapo, anatulia kama mtu anayesikiliza redio. Pedali ikizama taratibu na hakuna tone chini ya gari wala ndani ya magurudumu, raba za ndani za masta silinda zimechoka. Ikiwa inabonyea kama sponji na inapanda ukiipampu, kuna upepo wa kutoa. Dakika tano zote, shilingi haijatumika, na mtuhumiwa ameshajulikana au angalau wamebaki wawili.

Kuchemsha nako kuna swali lake la kwanza: linachemsha lini? Likichemsha kwenye foleni ya Buguruni na kupoa barabara ikifunguka, anza na feni, swichi yake na nyaya zake. Likiwa shwari mjini lakini mshale unapanda mlimani au kwenye mwendo wa kasi, maji hayapiti vya kutosha: rejeta imeziba, pampu imechoka, themostati imekwama, au mfuniko wa rejeta umelegea. Mipira ikijaa na kuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari la baridi, au ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya mfuniko wa oili, gasketi ya silinda hedi inakuita. Na mshale ukishuka ghafla wakati gari lilikuwa linachemsha, usishangilie. Pengine maji yamekwisha na kipimo kimebaki kwenye mvuke.

Kuhusu themostati, hapa nina ugomvi. Katika injini nyingi za Toyota kifaa hiki kina kazi mbili. Joto likifika nyuzi 80 na kitu kinafungua njia ya rejeta, na papo hapo kinaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka bila kuonana na rejeta. Kwenye barabara tambarare hutagundua, tena utaliona gari limepoa kuliko zamani. Mlimani ndipo deni linapodaiwa.

Kila ajali ya mlimani ikitokea, wapo wanaotaka magari ya zamani yapigwe marufuku. Kenya haipokei mtumba uliozidi miaka minane. Sisi tunaupokea na kuutoza ushuru zaidi kwa uzee wake. Sina neno na sera hizo, lakini Corolla ya jirani haikuponzwa na mwaka wake wa kuzaliwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata kwenye gari la juzi.

Aliporudi Dar nilimpeleka kwa kijana wa Tabata. Kabla ya yote kijana alitaja bei ya kupima, na jirani akanitazama kama nimemuuza. Akalipa hata hivyo. Chanzo cha kuchemsha kilikuwa mfuniko wa rejeta. Raba yake ilikuwa imeliwa, haubani tena mgandamizo. Mfuniko mzima hufanya maji yavumilie hadi karibu nyuzi 120. Bila huo, kwenye mwinuko wa Iringa, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Dalili ilikuwa wazi kwa aliyetaka kuiona: chupa ya akiba ilikuwa imejaa pomoni huku rejeta ikipungua kila siku, kwa sababu mfuniko ulishindwa kuyavuta maji kurudi.

Akanunua mfuniko, akafungiwa themostati nyingine, akabadilishiwa mafuta yote ya breki. Vyote pamoja havikufikia nusu ya bei ya ile pampu mpya. Pampu yake ya zamani, isiyo na kosa lolote, aliiacha kule gereji ya kwanza. Nasikia wameshamuuzia mtu mwingine ambaye gari lake linachemsha.