Kinyonga Si Mchawi

Huku kwetu Kamanyola yuko mnyama mdogo mwenye adui wengi kupita nyoka. Ndiye kinyonga, ambaye watu wa pwani humwita pia lumbwi. Akionekana juu ya mwembe karibu na nyumba, watoto hukimbia, mama mjamzito hugeuza uso, na vijana huokota mawe. Kama mambo yangeishia hapo, tungemhurumia mnyama tu, wala tusingeshika kalamu. Lakini baada ya jiwe la kwanza huja swali: «Nani amemtuma?» Na swali hilo haliendi mbali. Huenda kwa mjane, kwa mzee asiye na mtoto, kwa bibi mwenye macho mekundu kwa ajili ya moshi wa jiko lake.

Mwaka 2021, katika mkoa wetu wa Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliuawa na makundi ya watu kwa kusingiziwa uchawi. Hatusemi kwamba kinyonga ndiye aliyekuwa sababu. Twasema kwamba fikira ni ile ile: mtu aona jambo asilolielewa, kisha atafuta jirani wa kulilipia. Basi tuyapime mashtaka ya kinyonga moja moja, kama wafanyavyo wazee wa baraza wanaoogopa kudhulumu.

Shtaka la kwanza: abadili rangi, kwa hiyo ana dawa. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva, nchi ya Uswisi, walieleza jinsi anavyofanya. Walimchunguza kinyonga wa Madagaska, wakaona kwamba ndani ya ngozi yake mna fuwele ndogo mno, zilizopangwa kwa taratibu. Akiwa ametulia, fuwele hukaribiana, na ngozi huonekana kijani. Akikasirika au akitaka jike, fuwele huachana, na rangi hugeuka kuwa ya manjano au nyekundu. Hapo hapana hirizi. Wala si kweli kwamba hufuata rangi ya kila kitu anachokikanyaga. Rangi yake hufuata hasira, hofu, joto na baridi. Je, mtu akiiva uso kwa hasira, twamwita mchawi?

Shtaka la pili: macho yake hutazama huku na huku, kumbe apeleleza nyumba. Kweli, kila jicho laweza kuzunguka peke yake. Lakini anachopeleleza ni nzi na panzi. Akimwona mmoja, macho yote mawili humwelekea, kisha ulimi hutoka kama mshale. Mwaka 2016 mtaalamu Christopher Anderson alionyesha kwamba kinyonga mdogo wa milima ya Usambara, Tanzania, huweza kuupeleka ulimi mara mbili na nusu ya urefu wa mwili wake. Mwindaji wa namna hiyo hana haja ya kukimbia, na ndiyo maana hutembea pole pole, akiyumba kama jani katika upepo.

Shtaka la tatu: ana sumu, na pembe zake ni za shetani. Kinyonga hana sumu hata kidogo. Akishikwa ataweza kuuma, na maumivu yake yatapita. Tena katika milima ya Kongo ya mashariki, Rwanda, Burundi na Uganda yuko kinyonga wa Johnston, ambaye dume lake lina pembe tatu, na jike halina. Madume hushindana kwa pembe hizo, kama mafahali zizini.

Shtaka la nne: tumbo la mama yake hupasuka akizaa, kwa hiyo mjamzito akimwona atapatwa na balaa. Vinyonga wengi hutaga mayai na kuyafukia udongoni. Wengine, kama kinyonga wa Elliot wa milima yetu, huzaa watoto hai. Mama hapasuki. Huzaa, akaendelea na safari yake juu ya kijiti.

Lakini twasikia mtu akisema: «Ninyi mwaleta maneno ya vitabu. Mimi nilimwona kinyonga juu ya paa, na juma halikwisha mtoto wa jirani akafa.» Ndugu, kifo hicho twakililia pamoja nawe. Lakini jogoo huwika na jua likachomoza; je, jogoo ndiye alilileta? Uzihesabu pia siku ambazo kinyonga alipita na hakuna aliyekufa. Siku hizo hazisimuliwi, kwa kuwa hazina habari. Katika bonde hili la Ruzizi adui wa watoto wetu ni mbu aletaye malaria. Wakati baba yupo nje na fimbo akimtafuta kinyonga, homa imo ndani ya nyumba, yafanya kazi yake.

Wengine hujitetea kwa hadithi za wazee. Nasi twazipenda, wala hatutaki zitupwe. Basi tuzisikilize vema. Wazulu wa Afrika Kusini husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa. Akachelewa njiani akila matunda, na mjusi akatangulia na habari ya kifo. Mataifa mengine mengi ya Afrika yana hadithi iliyo karibu na hiyo. Angalieni: ni nani aliyechukua habari ya uzima? Kinyonga! Na aliyeleta kifo ni mjusi, yule yule atambaaye ukutani mwenu kila usiku, wala hakuna anayemrushia jiwe. Hadithi yafundisha kwamba ujumbe mwema usicheleweshwe. Haifundishi kuua.

Mwaka 2006 wataalamu walipotaka jina la jamii moja ya vinyonga wa Afrika, walichukua neno letu la Kiswahili, wakaiita Kinyongia. Ulimwengu wa elimu umeliheshimu jina. Sisi wenye jina twamrushia mawe.

Sisi tunaofundisha dini twasema wazi: huwezi kusali Jumapili ukikiri kwamba Mungu ameumba vyote, kisha Jumatatu ukampa shetani sehemu ya viumbe vyake. Na aliye mbaya zaidi ni yule auzaye dawa ya kujikinga na kinyonga. Yeye ajua kwamba hofu yenu ikiisha, biashara yake imekwisha.

Basi mkimwona juu ya mwembe, mwacheni ale nzi wake. Mtoto akipata homa, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Na mtu akisimama kumtaja bibi fulani kuwa ndiye mtumaji, msinyamaze. Mwulizeni mbele ya watu wote: «Uliona nini kwa macho yako?» Kisha kaeni mlangoni pa bibi huyo mpaka watu watawanyike.