Theluji ya Madrasa

Neno "theluji" tulilijua miaka mingi kabla ya kuiona hata picha yake. Tulifundishwa madrasa, milimani Usambara, pamoja na dua ya kufungulia Sala aliyoipokea Abu Huraira (R.A.), ambamo Mtume (S.A.W.) anaomba kusafishwa makosa kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Maji tuliyajua. Kuhusu theluji, maalim alitwambia ni mfano wa barafu ya dukani, nasi tukaridhika.

Hakukosea sana. Theluji ni neno la Kiarabu, na barafu limetoka Uajemi, ambako maana yake ni theluji yenyewe. Lilipofika kwenye pwani yetu ya joto, likabaki kuwa jina la maji yaliyoganda.

Kisha ikaja alasiri moja ya masika, tukiwa na umri wa miaka tisa hivi. Bati la madrasa lilipigwa kwa kishindo hata sauti ya maalim ikapotea, naye akafunga msahafu akangoja. Tulipotoka, uwanja wote ulikuwa mweupe, na penye mitaro mawe yalifika kwenye vifundo vya miguu. Hatukuuliza ni kitu gani, kwani tulikuwa na jina lake tayari. Tukajaza mifuko ya kanzu, tukala, tukarushiana, tukakimbia shambani kumwonyesha baba.

"Baba, tazama, theluji!"

Alikuwa amechutama katikati ya maharage yaliyokuwa yametoa maua siku chache tu kabla. Maua yote yalikuwa chini. Majani ya mahindi yalichanwa yakawa kama nyuzi.

"Haya ni mawe, wanangu," akasema. "Tupeni, mje mnisaidie kuinua mabua."

Si sisi peke yetu tuliodhani hivyo. Mwezi Septemba 2008 huko Busara, karibu na Nyahururu nchini Kenya, mteremko mzima ulifunikwa na weupe, wananchi wakashangilia theluji. Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kuwa ni mvua ya mawe iliyogandamana. Theluji huhitaji baridi mpaka karibu na ardhi, lakini mawe huumbwa juu sana, ndani ya wingu la radi, ambako hewa ya joto inayopanda huyarusha tena na tena yakizidi kunenepa, hadi uzito unayashusha kabla hayajayeyuka. Ndiyo maana nchi yenye joto inaweza kupigwa na barafu.

Theluji ya kweli nayo hupotea njia mara chache. Tarehe 19 Januari 1977 iliangukia Miami, jimbo la Florida, mji wa minazi na bahari ya joto. Ilikuwa asubuhi, na haikudumu ardhini. Waliokuwa watoto siku ile wangali wanaisimulia kwa furaha. Yasiyosimuliwa sana ni kwamba baridi ya siku zizo hizo iliua mboga mashambani, na vibarua waliotegemea kuzivuna wakakosa kazi.

Tunayakumbuka haya kwa sababu ya daftari. Tulipokabidhiwa ukatibu wa msikiti, tulipokea pia madaftari ya kumbukumbu za kamati, mengine yameliwa na mchwa. Katika mojawapo, mtangulizi wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliandika mistari miwili: mvua ya mawe imeharibu mazao, mbegu za maharage zitolewe kwa nyumba 11 kutokana na sadaka ya Ijumaa. Hapo chini yapo majina, na jina la baba ni la nne.

Nyumbani hatukuambiwa jambo hilo kamwe. Tulijua tu kwamba maharage yalipandwa tena, tukala kama kawaida. Baba yu hai, alhamdulillahi, nasi tulisita kumwuliza, maana kuna mambo ambayo mzee huyaficha kwa heshima yake. Mwisho tukamsomea ukurasa ule. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama jina la jirani yake wa ng'ambo ya kijito limo.

Halimo.

"Basi ndiye," akasema. "Nusu ya zile mbegu nilimpelekea yeye. Alikuwa mgeni, hakuna aliyemkumbuka kumwandika."

Tumeliongeza jina hilo pembeni kwa kalamu ya risasi, tukaweka na tarehe ya leo.