Redio za upepo za dijitali: Makundi ni mengi, zamu ni mbili tu

WAKULIMA na wasafirishaji wa mazao wanaofanya kazi mahali ambapo mtandao wa simu ni hafifu bado wanategemea redio za upepo. Ukibonyeza kitufe mara moja, dereva, mwenye ghala na mlinzi wote wanakusikia, bila kulipia kila dakika.

Tatizo ni gharama ya ripita, yaani mtambo unaowekwa mlimani au juu ya mnara ili kupokea sauti ya redio ndogo ya mkononi na kuirusha upya mbali zaidi. Kwa sababu hiyo, mtambo mmoja huweza kuhudumia makundi kadhaa yanayochangia gharama. Swali ambalo mchangiaji anapaswa kujiuliza kabla ya kutoa fedha ni hili: makundi mangapi yatakuwa kwenye foleni yake?

Katika redio za analogi, chaneli moja hubeba mazungumzo ya kundi moja tu kwa wakati mmoja. Mfumo wa dijitali uitwao DMR, ambao viwango vyake vilitolewa kwa mara ya kwanza barani Ulaya mwaka 2005, huigawa chaneli yenye upana wa kilohezi 12.5 katika zamu mbili. Kila zamu huchukua milisekunde 30, kisha hupisha nyingine. Kubadilishana huko ni kwa haraka mno kiasi kwamba sikio halitambui, hivyo makundi mawili huzungumza kwa pamoja bila kuingiliana.

Ni mfano wa wakulima wa mteremko wa Kilimanjaro wanaogawana maji ya mfereji kwa zamu. Maji hayaongezeki, kinachogawanywa ni muda.

Ndani ya kila zamu, makundi hutofautishwa kwa namba. Redio ya dereva wa lori hufungua spika pale tu inaposikia namba ya kundi lake. Hapo ndipo wengi hukosea. Namba zinaweza kuwa hata 20, lakini njia za kupita zinabaki mbili.

Chukua mfano wa makundi sita, kila moja likizungumza jumla ya dakika 10 kwa saa. Yakigawanywa matatu kwa matatu, kila kundi litakuta zamu yake imeshikwa na wengine kwa dakika 20, sawa na theluthi moja ya saa. Yakipangwa manne zamu ya kwanza na mawili ya pili, kundi lililo kwenye zamu ya kwanza litakuta njia imeshikwa kwa dakika 30, wakati lile la zamu ya pili litabanwa kwa dakika 10 tu. Wote wamelipa sawa, lakini hawakupata sawa.

Kibaya zaidi, aliyebanwa hasikii mazungumzo ya wenzake. Husikia ukimya, akibonyeza redio inamkatalia, naye anadhani imeharibika. Kwa mwenye nyanya zilizokwishapakiwa kwenye lori, kuchelewa huko ni hasara.

Ipo mifumo ambayo haifungi kundi kwenye zamu moja. Kompyuta ya mtambo humpa mwombaji zamu yoyote iliyo wazi, kama benki yenye foleni moja na madirisha mengi. Hata hivyo, kwa kawaida zamu moja hutumika kuongoza nyingine. Penye ripita tatu, zamu sita hubakiza tano za mazungumzo. Penye ripita moja hubaki moja tu, hivyo faida ni ndogo.

Aidha, wafanyabiashara wasichukulie namba ya kundi kuwa kufuli. Mwenye redio ya aina hiyo anaweza kuipanga isikilize namba yenu. Anayetaja bei ya mahindi hewani bila ulinzi wa msimbo ajue mshindani wake anaweza kuwa anasikiliza.

Kabla ya kusaini mkataba, mchangiaji adai kuona orodha ya makundi na zamu ya kila moja. Aulize pia kama redio zimepangwa kujikata mtu akizungumza kupita muda, na kama wito wa dharura unapewa kipaumbele. Vilevile ahakikishe leseni ya masafa ipo na inamruhusu mwenye mtambo kuhudumia wengine. Kwa Tanzania msimamizi ni TCRA, na kwa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano.

Teknolojia hii imepunguza gharama kwa kuifanya chaneli moja ifanye kazi ya mbili. Haikuifanya iwe ya ishirini. Kundi linapoongezwa, waliotangulia wana haki ya kuuliza litaingia zamu ipi, na kama ada yao itapungua.