Sare ya Askari Si Risiti ya Barabara

Katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, mnunuzi hulivaa koti la mtumba kabla ya kulilipia, na umati ulivyo mkubwa angeweza kutoweka nalo. Hata hivyo watu hulipa. Wanajua kwamba muuzaji naye alilinunua robota zima kwa fedha, pengine kwa deni.

Yafaa tuitazame vivyo hivyo barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe. Ilifunguliwa Juni 2018; ina urefu wa kilomita 51 pamoja na tawi la Munyonyo, na iligharimu dola milioni 476, ambazo milioni 350 kati yake ni mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ushuru ulianza kutozwa tarehe 8 Januari 2022. Asiyetaka kulipa ameachiwa barabara ya zamani, na msongamano wake.

Leo barabara hiyo ina vizuizi, na foleni zake hula muda uleule ambao dereva ameulipia. Kwingineko vizuizi vimeondolewa: kamera husoma namba ya gari, deni likafuata baadaye. Afrika Kusini ilianza hivyo mkoani Gauteng Desemba 2013. Madereva wengi walikataa kulipa, na Aprili 2024 mpango ukafutwa. Kamera ziliwaona wote, lakini fedha hazikuja.

Kwa hiyo, kabla Uganda haijathubutu kuviondoa vizuizi, tabia ya kulipa haina budi kuwapo, nayo ianze kwetu tuvaao sare. Magari ya majeshi na polisi yamesamehewa ushuru kwa ajili ya kazi, na hiyo ni haki. Lakini afande aendaye harusini Entebbe kwa gari lake mwenyewe, huku ameiweka kofia mbele ya kioo ipate kuonekana, hayuko kazini. Mhudumu wa kibanda, kijana asiye na silaha, atafungua kwa hofu tu. Nyuma yake yupo dereva wa teksi aliyepakia abiria karibu na Owino, na anatazama. Tutamjibu nini akiuliza? Kwamba mshahara wa askari ni mdogo? Wa kwake hauna hata tarehe.

Makamanda walitaje jambo hili katika gwaride la asubuhi, na polisi wa usalama barabarani waandike namba za magari ya wenzao kama waandikavyo za raia.