Mapato Yaliyo Nchi Nyingine



Mwezi uliopita alinijia jirani yangu hapa Dodoma, mzaliwa wa Mombasa, ambaye amefanya maskani mjini mwetu tangu mwaka 2012. Hapa ana duka; kwao Mombasa ana vyumba vinne alivyopangisha. Akaniuliza: "Ustadhi, katika hesabu ya mapato ninayoipeleka Mamlaka ya Mapato, je, yanipasa niandike na pango la vyumba vile? Kenya wamekwisha kukata kodi yao." Nami nikamjibu upesi: "Ya Mombasa huishia Mombasa." Akashukuru, akaenda zake.

Usiku ule sikutulia, kwani nilitoa jawabu bila ya kuwa na elimu nalo. Asubuhi nikamwendea mtu ajuaye mambo ya kodi, akanifungulia Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Kumbe nilikosea, na kosa la mwalimu hapana budi lisahihishwe mbele ya watu.

Sheria hiyo haimtazami mtu amezaliwa wapi, bali yatazama akaa wapi. Aliye na makazi ya kudumu Tanzania na akawapo nchini sehemu yoyote ya mwaka, au aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka, huyo ni mkaazi. Na mkaazi huhesabiwa mapato yake yote, ya hapa na ya ng'ambo. Mgeni ambaye ukaazi wake wote maishani haujazidi miaka miwili, huhesabiwa yale ya hapa tu. Jirani yangu muda huo ameupita zamani.

Wala sheria haimtozi mara mbili pasipo nafuu. Kodi aliyolipa Kenya kwa pango lile hupunguzwa katika kodi ya hapa, ila isizidi kiasi ambacho Tanzania ingetoza kwa mapato hayo hayo. Tuseme Tanzania yadai shilingi 400,000 juu ya pango hilo, na Kenya imekwisha kuchukua thamani ya 300,000: atalipa 100,000 zilizobaki. Kama Kenya ilichukua 500,000, hadaiwi kitu juu ya pango hilo, lakini hesabu lazima aiandike. Kwa hiyo stakabadhi za Kenya azihifadhi, nazo sheria yataka zitunzwe miaka mitano. Na ambaye mwaka wake wa hesabu waisha Desemba, hupeleka ritani yake kabla ya Juni kwisha.

Wako wasemao: "Mimi natoa zaka, yatosha." La! Zaka ni haki ya wanaostahiki, na kodi ni deni la nchi. Moja haliondoi jingine.

Baada ya sala ya Alasiri nikaenda dukani kwake, nikamwambia: "Ndugu yangu, nilikupoteza." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Afadhali umeniambia kabla sijatia sahihi." Karatasi ile ina kiapo kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na jina litakalokuwa chini yake ni lake, si langu.

Enyi vijana mliosoma, wasaidieni wazee wenu kuzisoma karatasi hizi. Nasi walimu, tusione haya kusema: "Sijui, ngoja niulize."